Sifuri ya Gurra Bore

Chati ilisema kijijini Gurra Bore hakuna mtoto mchanga aliyekufa mwaka mzima.

Jamani, wiki tatu nyuma mimi nilikuwa nimemzika mmoja kule kule. Mtoto wa Bontu, mdogo wangu wa kike. Wa siku mbili.

Nikaitazama tena ile sifuri.

Naitwa Ayantu, nipo Jimma, Ethiopia. Kazi yangu ni kuchukua mafaili ya Excel ya zahanati za vijijini, kuyaingiza kwenye programu ya takwimu, na kutoa majedwali na chati.

Nikamfuata bosi, Bwana Tolera. Alikuwa anakunywa kahawa yake.

"Bosi, Gurra Bore kuna vifo."

"Chati inasemaje?"

"Sifuri."

"Basi ni sifuri. Una msiba, Ayantu, nenda kapumzike. Ripoti inatoka leo."

Sikwenda. Nikafungua faili lenyewe, mstari kwa mstari.

Kumbe watoto waliokufa walikuwemo…

Nesi anayepita kule kila Jumatatu alijaza umri kwa maneno. "Siku mbili." "Saa sita." "Hakulia."

Programu ilitaka namba. Ilipokuta maneno, ikaacha nafasi wazi. Halafu kila mstari wenye nafasi wazi ukafutwa.

Watoto kumi na saba. Wa Bontu alikuwa wa kumi na nne.

Nikarudi kwa Tolera na laptop mkononi. Akasoma.

"Nani aliweka amri ya kufuta?"

"Mimi. Tangu mwaka juzi natumia hiyo hiyo."

Akaweka kikombe chini.

"Ina maana hata ripoti ya mwaka jana…"

Ile nayo ilionyesha sifuri. Kwa sifuri ile, mkunga wa Gurra Bore alihamishiwa kijiji "chenye shida zaidi". Bontu aliposhikwa na uchungu, zahanati ilikuwa na mlinzi peke yake.

Ripoti tuliisahihisha. Mkunga karudishwa.

Nikaenda kwa Bontu, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akikunja vinguo vya mtoto.

"Kwa hiyo mwanangu aliandikwa?"

"Aliandikwa."

"Halafu dada, wewe ukamfuta."

Hadi leo hapokei simu zangu.

Wewe unayeshughulika na data, nakuomba. Hesabu mistari uliyopewa, hesabu na iliyoingia. Ikipishana, usichore chochote. Nenda kwanza ukatafute nani kaachwa nje.