Mswala wa Mzee Sadalla na Mashine Yangu ya Polishi

"Toka nyumbani kwangu! Mwizi wa mswala! Hata Mungu humwogopi?"

Aliyekuwa anafukuzwa na mwenye nyumba ni Bakili, rafiki yangu, mpangaji wa chumba kinachotazamana na changu.

Wapangaji wote tulikuwa uani. Wanawake wameacha vyungu motoni. Kikapu cha nguo za Bakili kimeshatupwa mlangoni.

"Mzee, wallahi sijauchukua."

"Nani aliuanika?"

"Mimi."

"Na nani mwingine aliugusa?"

Bakili akatutazama mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale. Na mwizi nilikuwa mimi!

Bakili akaokota kikapu chake. Alipofika mbele yangu akasimama, akanyoosha mkono, akatoa kitu kwenye bega la shati langu.

"Melkiori, una manyoya," alisema polepole.

Akapuliza vidole vyake. Akaenda zake.

Wajukuu zangu, msinitukane kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, tukaneni tu, ni haki yenu.

Nina miaka themanini na minane. Haya yalitokea Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, mwaka 1957. Sijamwambia mtu hadi leo. Marehemu mke wangu hakujua. Padri hakujua. Leo nasema, na Mboni ananiandikia, maana vidole vyangu vikigusa simu vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Mboni ni binti anayeniletea chakula kila Jumapili.

Basi sikilizeni.

Nilikuwa kijana wa Kichagga, tarishi wa ofisi moja kule Posta. Jumamosi mchana ofisi ikifungwa, nilikuwa nakwenda Upanga kuosha magari na kuyapiga polishi. Kwa mkono! Kitambaa, nta, na jasho. Gari moja linakula mchana mzima, na Jumatatu bega halinyanyuki.

Nikaapa nitanunua mashine.

Mwenye nyumba wetu, Mzee Sadalla, alikuwa amepaka rangi mabehewa ya reli maisha yake yote. Rangi alikuwa anaijua kama mama anavyomjua mwanawe. Nikamwomba anisindikize kwenye duka la vyombo vikuukuu, nyuma ya soko.

Mashine zilikuwa mbili.

Ya kwanza ndogo, imechubuka, inazunguka taratibu. Ila ilikuwa na kofia tatu za manyoya ya kondoo, zile zinazofungwa kwenye sahani yake ili zisugue rangi bila kuikwaruza. Na nyongeza yake, kopo la dawa laini ya kusugulia rangi.

Ya pili... jamani! Kubwa, inang'aa, mlio wake unatingisha kaunta. Kofia haina hata moja.

"Chukua ndogo," alisema Mzee Sadalla.

"Mzee, hii kubwa ina nguvu."

"Nguvu ya kufanya nini? Unavunja mawe? Rangi ya gari ni nyembamba, kijana. Tazama kofia kwanza, halafu dawa, mashine iwe ya mwisho."

"Kofia nitapata tu."

"Wapi?"

Nilikuwa nimeshajiona Upanga, watu wametoka vibarazani kunitazama na mashine yangu.

Mzee akatikisa kichwa. "Haya. Pesa ni zako."

Nikanunua kubwa. Mjinga mimi!

Kofia hazikuwepo Dar es Salaam nzima. Mwenye duka akaniambia zinakuja na meli, labda baada ya miezi miwili. Na mimi nilikuwa nimeshajigamba kwa Bwana Hirji wa Upanga kwamba Jumamosi hiyo hiyo nitang'arisha gari lake jeusi kwa mashine. Jumapili lilikuwa limbebe binti yake, bibi harusi.

Nikajaribu kipande cha blanketi kwenye bati lililopakwa rangi. Kikachora mistari.

Ijumaa mchana nikarudi nyumbani kula. Uani hakuna mtu. Mzee Sadalla na Bakili wako msikitini, kina mama wako sokoni. Na kwenye kamba ya nguo... mswala wa mzee.

Ngozi ya kondoo. Nyeupe. Manyoya mazito.

Mzee alikuwa anaswalia juu ya ngozi ile tangu enzi za ujana wake. Magoti yalikuwa yanamuuma, kwa hiyo kila Ijumaa Bakili ndiye aliyekuwa anaitoa, anaikung'uta na kuianika. Nyumba nzima tulikuwa tunalijua hilo.

Nilisimama pale nikiitazama. Nilijua ni nini. Msije mkadhani sikujua.

Nikaivuta, nikaingia nayo chumbani, nikafunga mlango. Nikachukua mkasi. Ngozi nimeikunja, nakata harakaharaka. Nikapata kofia tatu. Mabaki nikayafunga kwenye gazeti, nikayatupa jalalani nikiwa njiani kurudi kazini.

Jioni ndiyo Bakili akafukuzwa, kama nilivyowaambia. Mwislamu kuitwa mwizi wa mswala mbele ya majirani, mnaelewa aibu yake? Na mimi niliufunga mdomo wangu kama mtu aliyeng'atwa ulimi.

Jumamosi nikaenda Upanga.

Familia nzima ya Bwana Hirji ilitoka nje kuangalia. Nikachomeka waya. Mashine ikanguruma!

Kofia ya kwanza ikachanika kabla sijamaliza mlango mmoja. Spidi kubwa mno. Ya pili ikachanika nikiwa ubavuni. Nikafunga ya tatu, nikaiweka juu ya boneti, nikakandamiza.

Harufu ya rangi inayoungua...

Nikainua mashine. Katikati ya boneti jeusi palikuwa na duara la kijivu, pana kama kisahani cha chai.

"Umefanya nini?!" Bwana Hirji alishika kichwa. "Harusi kesho! Umefanya nini gari yangu?"

Nikaifungua ile kofia, nikaigeuza. Katikati yake hapakuwa na manyoya. Palikuwa na ngozi tupu, kavu, ngumu. Manyoya ya pembeni yalikuwa yamepaficha.

Nikajiuliza, kondoo gani huyu ana upara?

Bado sikuelewa. Na oneni uso wangu ulivyokuwa mkavu: nilitimua mbio hadi Kariakoo kumwita Mzee Sadalla aje kuniokoa!

Akaja. Na magoti yake yale, akatembea kutoka Mkunguni, akavuka Mnazi Mmoja, mpaka Upanga. Mkononi ana kikopo cha dawa laini na kitambaa cha pamba.

Hakunigombeza. Aliinama juu ya boneti akasugua kwa vidole viwili, taratibu, saa baada ya saa. Rangi haikuwa imekwisha kabisa. Alasiri ikaenda, na lile duara likafifia hadi ukitaka kuliona ni lazima uambiwe lilipo. Bwana Hirji akashusha pumzi.

Mzee akajifuta mikono.

"Nionyeshe hiyo kofia iliyounguza."

Nikaisukuma ndani zaidi mfukoni.

"Mzee, nimeshaitupa..."

"Iko mfukoni mwako. Naiona."

Nikampa.

Akaishika kwa mikono miwili. Akapapasa pale penye upara kwa kidole gumba. Kisha akainyanyua, akaigusisha kwenye paji la uso wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Pale ndipo paji lake lilipokuwa linagusa akisujudu, mara tano kwa siku, miaka na miaka, mpaka manyoya yakaisha.

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akauliza swali moja tu.

"Bakili amekwenda wapi?"

"Kigamboni, kwa ndugu yake."

"Kesho asubuhi utanipeleka."

Jumapili tukamkuta Bakili kabla hata hatujavuka, pale Magogoni, ndiyo kwanza anashuka kwenye kivuko. Watu wamejaa. Mzee Sadalla, mtu mzima wa kuheshimiwa, akamshika kijana yule mkono mbele ya watu wote.

"Bakili mwanangu, nimekuzulia. Hukuuchukua. Nimekuaibisha mbele za watu, nimekuja kukuomba radhi mbele za watu. Nisamehe."

"Mzee, usiseme hivyo... Nimekusamehe."

Kisha Bakili akanitazama mimi.

"Ila nani aliuchukua, mzee?"

Mzee Sadalla hakunitazama. Alitazama maji.

"Aliyeuchukua atasema mwenyewe."

Wakasubiri.

Wajukuu zangu, walisubiri! Wote wawili. Abiria wanapita, kivuko kinapiga honi, wao wamesimama tu wananisubiri. Nilipewa nafasi kama sahani ya chakula mezani. Neno lilikuwa moja tu: mimi.

Nikaangalia viatu vyangu.

"Jua linakuwa kali," alisema mzee mwishowe. "Turudini nyumbani."

Bakili akarudi chumbani kwake. Sikufukuzwa. Jina langu halikutajwa na mtu. Mzee aliswalia mkeka mtupu hadi alipofariki, na mimi ile mashine niliiuza bila kuiwasha tena.

Urafiki wangu na Bakili uliendelea. Alioa, nikasimamia shughuli. Nikaoa, akaja. Alihamia Temeke, nikawa namtembelea kila mwezi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwenyeji mzuri huyo! Nikifika, haniachi peke yangu sebuleni hata dakika moja. Akienda chooni anamwita mkewe aje akae nami. Mkewe akiwa jikoni, anaitwa mtoto. Nilikuwa najisifu kwa watu: nendeni kwa Bakili mkaone ukarimu.

Sasa niwaambie Mboni ni nani.

Ni mjukuu wa Bakili. Nimemchagua makusudi aniandikie, maana babu yake hayupo tena wa kuambiwa.

Tulipofika pale kwenye mkasi, alisimamisha kuandika. Nikasema moyoni, ataondoka.

"Babu Melkiori," alisema, "hii tunaijua."

"Mnaijua?"

"Wote. Babu alitusimulia tukiwa wadogo."

"Alisemaje?"

Nikamwambia sema, mwanangu, nimeshazeeka.

"Alisema wewe ni rafiki yake. Tukuamkie, tukupikie, ukiugua tukuuguze. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila tusikuache peke yako penye vitu vya watu. Mpaka siku utakaposema mwenyewe."

Miaka arobaini na zaidi. Kumbe sikuwa nakaribishwa, nilikuwa nalindwa! Watoto wadogo walikuwa wanaitwa wacheze sebuleni ili wanichunge mimi, mzee mzima na suti ya kwenda kanisani.

Nimelia mbele ya binti huyu, na yeye ameendelea kuandika.

Ukinunua mashine, tazama kofia kwanza, mzee wa watu alisema kweli. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo mwenye haki akiwa amesimama mbele yako anakusubiri. Usidhani ukinyamaza hawajui. Wanajua, ila wanakustahi.

Mboni amemaliza kuandika. Amesema anaenda dukani kuninunulia sukari.

Mkoba wake ameuacha hapa mezani, uko wazi.