Mgeni Aliyekataa Mrija

Siku ya gulio stendi ya Ngara haina adabu. Wapiga debe wanavuta abiria kwa mikono, bodaboda wanapita katikati ya mikungu ya ndizi, na vumbi linampanda kila mtu bila kuuliza cheo. Domisiana aliteremka kwenye basi la kutoka Biharamulo akiwa na gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, na boksi la bluu la kuhifadhia baridi, ndani yake samaki wa mama yake. Alilitua, akakaza kilemba, akaliinua tena na kuanza kupanda kilima.

"Dada! Dada wa njano! Nakuomba usilifungue hilo boksi!"

Aligeuka. Mwanaume mrefu mwenye shati jeupe na miwani iliyotota jasho alikuwa anamkimbilia, naye ana boksi la bluu.

"Kwani lina bomu?"

"Lina makohozi."

"Makohozi?"

"Ya wafungwa wa Biharamulo. Nayapeleka kupimwa. Wewe umechukua langu kwenye basi, mimi nimebeba samaki wako. Ningewaingiza kwenye mashine, dada, wangepimwa kifua kikuu."

"Na wangekutwa nacho?"

"Ningewapa dawa miezi sita."

Domisiana alicheka mpaka akaegemea pikipiki ya mtu. Aliuliza jina, akaambiwa Juvenali, mtaalamu wa maabara kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka. Tanzania na Burundi zilikuwa zimeungana katika mradi mmoja wa kupima kifua kikuu magerezani, kwa kuwa mfungwa akiachiwa huku huvuka kwenda kwao na kikohozi chake, na wa kule hali kadhalika.

"Basi wewe ndiye mgeni tunayemsubiri," alisema. "Mimi ni Koplo Domisiana, muuguzi wa zahanati ya Gereza la Nyakatunga."

"Askari?" Juvenali alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Sasa nimekwisha. Nimekamatwa siku ya kwanza."

Mashine ilifungwa zahanati ya Nyakatunga, na kazi ikaanza. Mchana walipima wafungwa, jioni walipimana maneno kwenye simu. Kihangaza cha Domisiana na Kirundi cha Juvenali ni ndugu wa karibu, hawakuhitaji mkalimani.

"Umekula, mukunzi wanje?"

"Mpenzi wako amekula maharage ya kambini. Wewe?"

"Nimekula ndizi, lakini hazikushuka. Nilikuwa nakuwaza."

"Mwongo! Sauti yako imeshiba."

Mtu mmoja tu hakucheka nao. Mkuu wa gereza, Afande Methusela, hakupenda wageni ndani ya uzio wake. "Sikilizeni," alisema siku ya kwanza. "Nikisikia mgeni yeyote ametuletea ugonjwa humu, hiyo mashine inapanda gari siku hiyohiyo." Na bila mashine, wafungwa waliokuwa wanakohoa kwenye mabweni yale wangeendelea kukohoa na kuambukizana mpaka wengine watolewe wamefunikwa shuka. Domisiana aliwahi kufunika mmoja kwa mikono yake. Hakutaka wa pili.

Mara Juvenali akabadilika. Alisema ana safari ya kikazi Biharamulo. Wiki zikapita, simu zikawa fupi.

"Lini unarudi?"

"Karibu, mpenzi. Ila fanya jambo moja kwa ajili yangu. Pima kifua chako."

"Mimi? Sikohoi hata kidogo. Kwani siku hizi ndiyo maneno ya mapenzi hayo?"

Lakini alijipima, maana alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mpenzi, na alikuwa salama.

Juvenali aliporudi, amekonda kidogo, Domisiana alimpeleka kwao Kirushya. Yeye mwenyewe alivaa gauni la zambarau lenye mikono ya lesi. Ndugu walijaa uani, na chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati na mirija yake. Mzee Faustini, baba yake, alivuta funda, kisha akautoa mrija mdomoni mwake na kumpa mgeni. Kwa watu wa nyumba ile hilo ndilo neno lenyewe. Mchumba akivuta mrija wa baba, amekuwa mtoto wa nyumbani.

Juvenali aliutazama mrija. "Nisamehe, mzee. Sinywi."

"Gusa tu kwa mdomo."

"Siwezi."

Mzee Faustini aliurudisha mrija chunguni polepole, akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Warundi wa siku hizi wanatuona wachafu."

Njiani Domisiana aliuliza mara moja tu. "Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Basi usinipigie."

Hakupiga, akarudi kwenye kazi yake ya Biharamulo. Naam, wanaume wengine ni watiifu pale tu utii unapoumiza! Domisiana alilia siku nzima, akafua sare zake zote, akaapa kwamba amemaliza.

Mwezi uliofuata alitumwa Biharamulo kuchukua dawa za zahanati. Alipopita dirisha la wagonjwa wa kifua kikuu alimwona mtu mrefu mwenye shati jeupe, kikombe cha maji mkononi, anameza vidonge mbele ya muuguzi.

"Juvenali."

Mwanaume aligeuka. Hakukuwa na pa kujificha.

"Kwa hiyo ni hiki," Domisiana alisema. "Wiki zile zote."

"Nilikipata bwenini nikikusanya makohozi. Kikohozi kilipoanza tu nikaondoka, nisikuambukize. Siku ile Kirushya nilikuwa nimeshapita kipindi cha kuambukiza, ila dawa hizi na pombe vinaua ini. Nawakataza wagonjwa hata tone. Ningewezaje kunywa?"

"Ungesema!"

"Niseme mbele ya ukoo mzima? Jioni Afande angekuwa amejua, na mashine ingeondoka. Na wewe ni askari, Domisiana. Ukijua, lazima uripoti. Sikutaka uchague kati yangu na wale wafungwa."

"Ukanichagulia mwenyewe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nakupenda, na nina hasira na wewe kiasi kwamba ningekupiga na hicho kikombe. Tunakwenda Nyakatunga. Tutasema wote wawili."

"Na mashine?"

"Mashine inayokaa kwa kuficha mgonjwa haitatufikisha mbali. Meza kile cha mwisho, twende."

Asubuhi iliyofuata, askari wakiwa kwenye paredi, Domisiana alitoka mstarini akapiga saluti. Sare yake ilikuwa imenyooka, sauti yake pia.

"Afande, naomba kuripoti. Mtaalamu wetu ameugua kifua kikuu. Hakukileta, amekipata humu, kwenye hewa ileile tunayovuta sisi."

Juvenali alisogea kando yake. "Ni kweli, Afande. Natibiwa, na siambukizi tena. Lakini nilificha, na katika hilo nilikosa."

Shingo ya Afande Methusela ilivimba. "Koplo, nilisema nini? Mashine iondoke leo!"

Hakuna aliyesogea. Kisha Sajini Eustakia, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kubishana na mtu, alipiga hatua mbele.

"Afande, kabla haijaondoka, naomba nipimwe. Nalinda bweni lile usiku, na mume wangu anakohoa nyumbani."

Nyuma yake akatoka mwingine. Na mwingine. Mstari ukaanza kujipanga mlangoni kwa zahanati bila amri ya mtu. Afande aliwatazama askari wake, walewale aliokuwa akiwalinda dhidi ya wageni, akavua kofia na kuivaa tena.

"Basi iondoke kesho," alisema.

Kesho yake mstari ulikuwa mrefu zaidi. Kesho ya Afande haijafika mpaka leo.

Juvenali alihamishia matibabu yake Ngara. Domisiana alimsindikiza kliniki, wakakaa kwenye benchi bega kwa bega, mikono yao imeshikana chini ya mkoba wake. Muuguzi wa dirishani aliuliza, "Msimamizi wako wa dawa ni nani? Tunataka mtu wa nyumbani, akuone ukimeza kila siku."

"Nyumbani kwangu ni Muyinga."

"Niandike mimi," alisema Domisiana.

"Wewe ni nani kwake?"

Kabla Domisiana hajajibu, sauti ilitoka nyuma yao.

"Andika Faustini wa Kirushya."

Waligeuka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na koti lake zito, buti zina tope. Sajini Eustakia ni wa Kirushya, na habari ilikuwa imeshafika.

"Shikamoo, baba," walisema wote wawili.

"Marahaba."

"Na wewe, mzee, ni nani kwake?" muuguzi aliuliza.

"Muulize yeye."

Juvenali aliinuka. "Ni baba mkwe wangu. Kama atanikubali."

Mzee Faustini alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Kuna chumba kitupu uani kwangu. Utalala humo mpaka upone, kisha tutaongea mambo ya mahari. Huyu binti analala kambini na askari wenzake, kwa hiyo usijipe matumaini."

"Baba!"

"Nyamaza, wewe, nina kazi hapa." Alichukua vidonge dirishani, akajaza maji kikombe mwenyewe, akampa Juvenali kwa mikono miwili. "Haya, mwanangu. Meza nikuone."