Robo ya Kidonge

Kiraka alikuwa paka wa fundi cherehani. Fundi alimwokota mtaroni akiwa mdogo kama kiganja, akamlea ndani ya kikapu cha vitambaa. Alikuwa na mabaka meusi na meupe, ndiyo maana akaitwa Kiraka. Kwa miaka mitatu alilala kando ya cherehani, fundi akishona.

Kisha wifi yake fundi akahamia kwao. Huyo alikuwa dada wa mume wa fundi, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri, akinukia unga na siagi. Kiraka akawa habanduki kwake. Fundi akimwita, paka aligeuza sikio tu.

"Wifi, umemlisha nini paka wangu?" fundi aliuliza siku moja, akijifanya anatania.

"Sijamlisha kitu. Labda ananipenda kwa harufu!"

Fundi alicheka, lakini cheko liliishia kwenye meno. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja Kiraka alirudi kutoka kupigana na paka wa jirani. Mguu ulikuwa umevimba na unatoa usaha. Wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akasafisha kidonda, akawapa vidonge.

"Nusu asubuhi, nusu jioni, kwa siku saba. Mpeni chakula kwanza," alisema.

Jioni ile fundi alijaribu kumpa. Kiraka akamkwaruza mkono, kidonge kikarukia chini ya meza. Wifi akakiokota, akampakata paka. Kufumba na kufumbua, kidonge kimemezwa.

"Dada yangu una mkono mwepesi!" mume alisifu.

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko zile kucha.

Siku ya tatu wifi alimpa Kiraka dawa yake, akaenda kazini. Fundi alimwona paka bado anachechemea. Kwenye droo alikuwa na parasetamoli, anayomeza kichwa kikimuuma.

"Maumivu ni maumivu," alijiambia. "Nikimponya mimi, atajua mama yake ni nani."

Akakata robo ya kidonge, akaisaga, akaichanganya na samaki. Kiraka alikula yote, kisha akajisugua miguuni kwake. Fundi alifurahi, akashona huku akiimba.

Alasiri wifi alirudi, akamkuta Kiraka amelala chini ya meza, anahema. Uso ulikuwa umevimba. Alipomfunua mdomo, fizi zilikuwa za rangi ya udongo.

"Wifi! Paka anakufa huyu!"

Wakakimbia naye kwa daktari. Daktari alimpima, akakunja uso.

"Nani humpa dawa?"

"Mimi," wifi alijibu. "Nusu, kama ulivyosema."

"Una hakika hukuzidisha?"

Wifi akatazama mikono yake. "Sijui, daktari. Labda nilikosea kukata."

Fundi alikuwa nyuma yake. Akinyamaza, lawama zote zitamwangukia wifi. Mume atasikia. Paka atarudi kuwa wake peke yake. Wazo hilo lilikuwa tamu, na utamu wake ukamtisha. Kiraka akatoa kilio chembamba kama uzi.

"Ni mimi," fundi alisema. "Nimempa robo ya parasetamoli. Leo, saa mbili asubuhi."

Daktari aligeuka upesi. "Umefanya vizuri kusema. Kwa paka hiyo ni sumu, hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Sasa najua nimtibu nini."

Walisubiri nje kwenye benchi.

"Umeniacha nijilaumu mbele ya daktari," wifi alisema. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Kwa ajili ya paka?"

"Kwa ajili ya paka."

"Ungeniambia tu," wifi alisema. "Ningekufundisha kumshika."

Kiraka alilazwa siku mbili. Waliporudi kumchukua, daktari aliwakalisha.

"Dawa ya mtu si ya mnyama. Ya mbwa pia si ya paka, hata wakiugua kitu kimoja. Msiongeze dawa wala kipimo bila kuniuliza. Mkisahau kumpa, msimpe mbili kwa mpigo; nipigieni simu. Na kidonda kikifunga, bado mmalize siku nilizowaandikia."

"Nitajuaje kama mwenzangu ameshampa?" fundi aliuliza.

"Bandikeni karatasi ukutani. Anayempa aweke alama pale pale."

Nyumbani wifi alimfundisha. Walimviringisha Kiraka kwenye taulo, kichwa tu kikabaki nje. Fundi alimshika kichwa kwa juu, akamfungua mdomo, akaweka kidonge nyuma kabisa ya ulimi. Akaufunga mdomo na kumpapasa koo. Kisha wakampa chakula kidogo, kidonge kisikwame.

"Amemeza!" fundi alipiga kelele.

"Weka alama kwanza, ndipo ushangilie," wifi alisema.

Wakawa wanapokezana, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Kidonda kikakauka, manyoya yakaanza kuota. Jioni ya dozi ya mwisho fundi alimpa Kiraka kidonge, wifi akaweka alama. Wakakaa sakafuni, kila mmoja ametandaza mapaja yake, wakimsubiri Kiraka achague.

Kiraka akajinyoosha, akawapita wote wawili, akaenda kulala kwenye mapaja ya mume aliyekuwa amekaa kitini, ambaye hakuwahi kumpa hata nusu ya kidonge.

"Mwone huyo!" wifi alisema.

"Hana haya," fundi alijibu, na kwa mara ya kwanza wakaona wivu pamoja.