Nywele za Chiriku

Jua lilikuwa linakwenda kulala Mama Chiriku alipobisha hodi kwa mdogo wake, boksi likiwa kwapani. Ndani ya boksi mlikuwa na wigi.

Lilishonwa kwa nywele za watoto wa shule. Kila mtoto aliyetaka alikatwa msuko wake, ili wagonjwa wa saratani waliopukutika nywele kwa sababu ya dawa wapate cha kuvaa. Mama Chiriku, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akihimiza. Lakini mganga hajigangi. Binti yake mwenyewe, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kupenda kwake kuongea, alikataa.

"Mama, zangu bado nazitaka."

Wazazi wakaanza kunong'onezana. Basi mchana mmoja, mtoto amejilaza, mama akanyata na mkasi.

Kacha.

Chiriku alipoinuka, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia. Tangu hapo yule chiriku akawa bubu mbele ya mama yake. Na watu wote wakaambiwa ametoa kwa hiari, hata huyu mama yake mdogo aliyekuwa akiugua saratani.

"Ee, dada! Leo umeniletea kichwa kipya!" Mgonjwa akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa cheupe kama yai. "Kliniki watadhani nimekuja kumsindikiza mtu."

Akalivaa mbele ya kioo. Likamkaa sawasawa. Akajigeuza huku, akajigeuza kule, akicheka na machozi yanamlenga. Miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kukitazama kioo kile.

"Na za Chiriku zimo?"

"Zimo. Alitoa mwenyewe."

Kicheko kikakatika.

Chumba kikajaa harufu... harufu ya kichwa cha mtoto aliyetoka usingizini, jasho na mafuta ya nywele. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini kwenye kioo nywele zilisogea. Taratibu. Kama kitu kinachojivuta kisishikwe.

Kacha...

Hakuna aliyeshika mkasi.

Mdomo wa mgonjwa ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mama... sikuwa nimelala."

Mama Chiriku akaushika ukuta.

"Nilifumba macho tu. Nilidhani utaacha."

Kisha mgonjwa akapepesa macho. "Dada, mbona umepauka? Nimesema nini?"

"Hujasema kitu."

Angeweza kusema kweli. Lakini mdogo wake alikuwa akizipapasa zile nywele kama mtu anayebembeleza kichanga, na akaona aibu. Akaaga, akatoka nusu mbio.

Nyumbani alimkuta Chiriku kitandani, kitambaa kichwani, amegeukia ukutani. Mama akapiga magoti.

"Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe. Nikalichukue lile wigi?"

Chiriku akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwachie mama mdogo," mtoto akanong'ona. "Alilia alipojiona."

Mwili wote ukamsisimka mama. Nani amekwambia? Alitaka kuuliza, hakuthubutu.

"Nenda, mama. Nataka kulala."

Akazima taa, lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akimtazama, mpaka pumzi za mtoto zikatulia, zikawa ndefu na laini. Moyo ukampoa kidogo. Angalau amelala.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Dada..." Mdogo wake alikuwa akinong'ona. "Nimelivua. Nimeliweka mezani. Linaongea."

"Linasema nini?"

"Linauliza neno moja tu, tena na tena. 'Mama ameshatoka chumbani?' Nijibuje, dada?"

Mama Chiriku akatazama kitandani. Pumzi zilikuwa zile zile, ndefu na laini. Macho yamefumbwa.

Akarudi kinyumenyume. Akavuka kizingiti, akauvuta mlango polepole hadi ukafungika.

"Dada?" ikasema simu. "Limenyamaza."