Kabichi za Beldina na Udongo Usioshika Maji

Patroba na mkewe Beldina walihamia Lugari pamoja na mtoto wao wa kwanza, Navalayo, na wadogo zake, miaka michache baada ya Uhuru. Walitoka Maragoli, ambako shamba la baba lilikuwa jembamba kama mkeka. Huku walipata kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Upande wa chini udongo ulikuwa mweusi na mzito. Upande wa juu, penye nyumba yao, ulikuwa wa kichanga na mwepesi.

Karibu na nyumba Beldina alilima bustani ya kabichi. Wakati wa mvua kabichi zilipendeza. Kiangazi kilipoanza, zilianza kulegea.

Kila asubuhi Beldina alishuka mtoni, akapanda kilima na debe kichwani, akamwagilia. Kesho yake mchana majani yalikuwa yamelala tena.

"Mama Navalayo, unamwaganga maji kidogo," Patroba alisema huku akimega obusuma, ugali wa kwao. "Bustani si mtoto wa kubatizwa. Mwaga ya kutosha!"

"Kidogo?" Beldina aliuliza. "Shingo yangu inajua kama ni kidogo, Baba Navalayo."

Wakati huo Beldina alikuwa mjamzito. Asubuhi moja aliteleza kilimani, akaanguka pamoja na debe. Patroba aliposikia kishindo alitupa jembe, akakimbia. Alimkuta mkewe ameketi kwenye matope.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Ni maji tu yamemwagika."

Mkunga wa jirani alimpima, akasema mtoto yuko salama. Lakini Patroba alikuwa ameshtuka sana. "Kuanzia leo maji ni kazi yangu," alisema.

Basi majirani wakaona mwanamume na debe kichwani. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Patroba hakujali. Alimwaga maji debe baada ya debe, akaenda kulala akiwa na furaha. Kesho yake mchana alikwenda bustanini. Kabichi zilikuwa zimelegea vilevile.

Aliingiza kidole ardhini, akakuta udongo mkavu. Kisha akaingia jikoni.

"Mama Navalayo, nilikukosea. Kosa si lako. Kuna kitu hapa chini kinakunywa maji yetu. Kama ni hivi, tuache bustani hii."

"Tukiiacha, watoto watakula mboga gani mpaka mvua irudi?" Beldina aliuliza. "Kwanza tuulize wanaojua."

Wiki hiyo dada mmoja wa kilimo, jina lake Jescah, alikuwa akitembelea mashamba mapya. Alifanya kazi katika maabara ya udongo mjini Kakamega. Beldina alimwita.

"Mulembe, Mama," Jescah alisalimu. Alisikiliza habari yote. Kisha akatoa mfukoni pete za chuma, pana kama vikombe. Aligonga pete moja taratibu kwenye udongo wa bustani mpaka ikazama. Akachimba pembeni, akaitoa ikiwa imejaa udongo.

"Kwa nini usichote tu kwa jembe?" Patroba aliuliza.

"Jembe linavunja udongo. Mimi nataka matundu yake madogo yabaki kama yalivyo. Maji hukaa humo."

Alichukua pete nyingine upande wa chini, akazifunika zote. "Mje Kakamega wiki ijayo," alisema. "Mtaona wenyewe."

Walikwenda wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Katika maabara, Jescah aliwaonyesha chungu kizito cha chuma chenye mfuniko uliokazwa kwa skrubu. Ndani yake kulikuwa na sahani ya kigae. Nje kulikuwa na mrija mdogo.

"Kwanza nililoweka pete zenu majini mpaka zikashiba," alieleza. "Kisha nikaziweka juu ya sahani hii. Nikaingiza hewa kwa nguvu kidogo. Hewa inasukuma maji yatoke kwenye mrija. Maji yanayotoka hapo ni yale ambayo shambani yangezama chini yenyewe. Mrija ukiacha kudondosha, napima uzito."

"Halafu?"

"Halafu naongeza nguvu sana. Unajua, mzizi unanyonya maji, lakini nguvu zake zina mwisho. Chungu hiki kinasukuma mpaka mwisho huo. Maji yanayobaki baada ya hapo mmea hauwezi kuyapata. Mwisho nakausha udongo katika tanuri, napima tena."

Beldina alifikiri. "Kwa hiyo chakula cha kabichi yangu ni yale maji ya katikati. Si yale yaliyokimbia, wala yale yaliyogoma kutoka."

Jescah alipiga makofi. "Hivyo hivyo, Mama!"

Aliweka mezani chupa mbili. Zilionyesha maji ya katikati ya kila udongo. Ya udongo mweusi yalifika juu zaidi; ya udongo wa bustani yalifunika kitako cha chupa tu.

"Na madebe yangu yote?" Patroba aliuliza.

"Maji yake yalipita matundu makubwa ya mchanga, yakazama chini ya mizizi. Ungemwaga mto mzima, kesho kabichi zingelegea tu."

"Basi udongo mweusi ndio mzuri!"

"Unashika maji mengi. Lakini mengi unayabana, hautoi. Ndiyo maana mahindi yanaweza kunyauka huku udongo una unyevu. Kila udongo una tabia yake. Wenu wa juu unahitaji samadi iliyooza vizuri. Samadi inashika maji na kuyatoa polepole. Funikeni ardhi kwa majani makavu, jua lisiichome. Mwagilieni kidogo kidogo, mara kwa mara, jua likiwa limepoa."

Waliporudi, Patroba alibeba samadi ya zamani kutoka zizini. Beldina aliichanganya na udongo kwa jembe. Wakapanda miche mipya, wakatandaza majani makavu kati ya mistari. Sasa debe moja lilifanya kazi ya madebe mengi, na Patroba ndiye aliyelibeba.

Kiangazi kilikaza. Ndama walitafuta kivuli. Beldina alifunua majani, akaingiza vidole ardhini. Palikuwa na ubaridi. Mchana ule kabichi zilisimama wima, majani yake yamekunjana kama ngumi.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya mvua kuanza. Wageni waliokuja kumwona walipikiwa kabichi na ingokho, kuku wa kienyeji. Yule jirani aliyecheka zaidi ya wote alijilamba vidole, akaomba aongezewe. Kisha akamwinamia Patroba na kunong'ona:

"Bwana Patroba, hebu niambie. Hiyo samadi, mliichanganya kwa kina gani?"

Patroba aliinuka, akanawa mikono. "Twende bustanini," alisema. "Lakini mwulize Mama Navalayo. Mimi ni mtu wa debe tu."