Nani Ameshika Ngazi?

Nyenje alitua juu ya paa saa tatu asubuhi, akakunja mabawa yake manne, akaanza kugonga bati. Tik-tik. Tik-tik. Jina lake la kiofisi lilikuwa Kikagua-Paa, mtambo usiozidi ukubwa wa sinia la pilau, wenye miguu sita ya kunata na macho yanayoona mpaka ndani ya mbao. Lakini watu wa Iyunga, kama watu wa Mbeya nzima, walimwita Nyenje kwa sababu ya ule mlio wake. Kila alipogonga, mwangwi ulimwambia kenchi ipi imeoza, msumari upi umelegea, na kama upepo wa Agosti ungeweza kung'oa sola na kuzitupa kwa jirani. Bila muhuri wake, hakuna nyumba iliyoruhusiwa kuwasha umeme wa jua.

Chini uani, Tusekile alikuwa amesimama na mwanawe Lusekelo, wa miezi saba, mgongoni, shingo juu, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Mama yake, Bi Anyosisye, alikuwa hospitalini mwezi wa tatu sasa. Mapafu yake yalihitaji kisukuma-hewa, mashine ndogo ya kukaa kando ya kitanda, isiyozimwa hata dakika moja. Madaktari walikubali arudi kuitumia nyumbani kwa sharti moja tu: nyumba iwe na umeme wake yenyewe, wenye kibali.

"Huku dari ni nene, mwanangu," mama alimwambia jana kwenye simu, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mvua inanyesha sijui. Nataka nikaisikie kwenye bati langu."

Nyenje alimaliza kugonga. Akatembea taratibu hadi ukingoni mwa paa, akainamisha macho yake uani.

"Kenchi nzima. Misumari imara. Nyaya sawa," alisema. Kisha akauliza, "Nani ameshika ngazi?"

Tusekile alikuwa amewasikia watu wakilichekea swali hilo sokoni. Hakujua kwamba lingemwingia hivi. Uani hapakuwa na ngazi yoyote. Mtambo unaoruka una kazi gani na ngazi?

"We mama Lusekelo, lijibu hilo dude!" jirani yake, mama Tupokigwe, alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Sema 'mimi' liondoke zake! Sote tulisema mimi. Mume wangu alijibu akiwa bafuni, na sabuni machoni!"

Tusekile aliutazama ukuta usioegemewa na ngazi.

"Hakuna," alisema.

Taa ya kijani kifuani mwa Nyenje ikageuka njano. "Ukaguzi umesimama. Nitangoja dakika ishirini."

Baada ya dakika hizo, nyumba ingerudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya miezi minne. Simu ikalia. Alikuwa Gwamaka, mhandisi kijana wa ofisi ya vibali, aliyewasimamia Nyenje mia mbili akiwa ndani ya chumba kimoja.

"Dada, habari za asubuhi. Naona njano hapo kwako. Kwani umejibu nini?"

"Ukweli."

Gwamaka akacheka kidogo. "Pole. Hiyo ni kasoro yetu. Hawa Nyenje hawakufundishwa kwa vitabu. Tuliwasikilizisha kanda za sauti za wakaguzi wa zamani wakiwa kazini, maelfu kwa maelfu, wajifunze kazi kwa masikio. Sasa, katika kila kanda kuna mtu anaulizia ngazi. Mtambo ukaamini kwamba hiyo nayo ni kazi. Jumatatu tunalifuta swali hilo. Wewe sema tu 'mimi', yaishe."

"Kanda zenyewe zinaanza mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na moja. Kwa nini?"

Tusekile alikaa kwenye kizingiti. Baba yake alianguka mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi na moja.

"Baba yangu, Ambwene, alikuwa mkaguzi," alisema. "Siku aliyokufa wenye nyumba walikuwa shambani, hakuna mtu wa kumshikia ngazi. Baba akawaonea huruma wasikae gizani wiki nyingine, akapanda peke yake. Ngazi ikateleza. Msibani wenzake walikaa hapa hapa uani, wanaume kumi na wawili, hakuna anayeongea. Mwisho mmoja akasema, kuanzia leo hapandi mtu kabla hajauliza. Hata kama anamwona mwenzake ameishika, aulize, ajibiwe." Akaitazama taa ya njano. "Ndilo swali mnalotaka kulifuta Jumatatu, kaka."

"Hakuna aliyeliandika hilo popote," Gwamaka alisema.

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Sita."

Nyuma ya jiko kulikuwa na ngazi ya baba yake, imeviringishwa turubai. Mama alishindwa kuigawa, akashindwa pia kuichoma kuni. Tusekile akaanza kuiburuta.

"Jamani, na mtoto mgongoni!" Mama Tupokigwe alishapita ua. "Nipe huyo mtoto. Umepatwa na nini leo?"

Tusekile alimkabidhi mtoto. Aliiegemeza ngazi ukutani, akaishika kwa mikono miwili, akaweka mguu wa kulia kwenye kidato cha chini, kama alivyofundishwa utotoni.

"Nani ameshika ngazi?" Nyenje aliuliza.

"Tusekile," alisema. "Tusekile wa Ambwene."

Mtambo uligeuza macho yake kwenye ngazi.

"Shika vizuri, Tusekile," ukasema. Bila shaka nalo lilitoka kwenye kanda. Mtu fulani, mahali fulani, alilisema kila siku. Taa ikawa kijani. Muhuri ukaingia kwenye simu. Nyenje akakunjua mabawa, akaruka. Tusekile aliendelea kuishika ngazi mpaka yule mdudu wa chuma alipopotelea upande wa mlima Loleza.

Jumatatu ulikuja ujumbe mfupi kutoka kwa Gwamaka: Swali limebaki.

Mama alirudi Alhamisi, akijikongoja kutoka kwenye gari, kisukuma-hewa kikimnong'onea begani kwa betri yake. Wingu lilikuwa limeshuka. Hatua tatu ndani ya uwanja akasimama. Ngazi ilikuwa bado imeegemea ukutani. Tusekile alikuwa amesahau kuirudisha, na sasa alitamani ardhi immeze.

"Nani alipanda?" mama aliuliza.

"Hakupanda mtu, mama."

"Nani aliishika?"

"Mimi."

Bi Anyosisye alisogea, akaweka kiganja juu ya kidato kimoja, akakipapasa kama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

"Basi iache hapo hapo," alisema. "Haya, niingize ndani niisikie vizuri."