Bamba Namba Tisa

Kila jioni mama aliporudi kazini, Kasuku alimpokea kofia ngumu na mkoba. Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mgodini. Huko chini ya ardhi kulikuwa na ghala, shimo refu lililozungushiwa mabamba ya chuma, ambamo mawe ya madini yalimwagwa kabla ya kupandishwa juu. Mawe hayo yaliyala mabamba kidogo kidogo. Wiki hiyo, ghala likiwa tupu, mama aliteremshwa ndani kwa kamba, akapima unene wa mabamba yote arobaini na kuandika daftarini, ili yaliyochakaa yabadilishwe.

Jumapili, Kasuku alikunywa chai karibu na daftari lile, ingawa alikatazwa. Kikombe kikapinduka, wino ukatapakaa. Badala ya kumwita mama, aliuchana ukurasa, akanakili namba upya. Mwandiko wake na wa mama ulikuwa kama pacha. Lakini bamba namba tisa halikusomeka. Ni tatu au nane? Akaandika nane.

Alhamisi mama alirudi hoi, lakini uso umemchangamka.

"Tumemaliza, mwanangu. Yaliyochakaa yote tumebadilisha. Kesho saa mbili asubuhi wanalijaza ghala."

"Na namba tisa?" Swali lilimponyoka Kasuku.

"Hilo zima, milimita nane. Kwani wewe umelijuaje?"

"Nimeuliza tu."

Kasuku alisukuma sahani kando. Akaenda kulala mapema, na mama akadhani anaumwa.

Asubuhi, mama akifunga buti, Kasuku alisimama mlangoni akitazama sakafu.

"Mama, ile nane niliibuni." Akaeleza yote.

Mama hakugomba. Alinyakua simu, akampigia msimamizi wake. "Msimwage hata jiwe moja! Namba tisa lipimwe upya. Kosa ni langu, niliacha daftari ovyo."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Kofi angelivumilia, kubebewa kosa hakukuvumilika.

Jioni mama alirudi pamoja na msimamizi, mzee mwenye sauti ya taratibu.

"Lilikuwa milimita tatu tu," alisema mzee. "Tumelibadilisha. Chini yake hufanya kazi watu watatu. Lingepasuka, mawe yangewaangukia."

Machozi yalimtoka Kasuku. "Shikamoo, babu. Kosa si la mama, ni langu. Nisameheni."

"Marahaba. Mama yako alikwisha kuniambia yote tukiwa mgodini, lakini nimefurahi kulisikia kinywani mwako."

Mama alimvuta karibu. "Chai kumwagika ni bahati mbaya, mwanangu. Kuficha ndiko kulikotaka kuua watu. Uliogopa aibu ya dakika moja, ukajitwisha aibu ya siku tano. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nyingine ukiharibu kitu, niite hapo hapo. Nitagomba, tena sana. Halafu tutapima upya."